Mahindi yakiota kwa kupishana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima wa Tabora

Ikifika wiki ya kwanza ya Desemba simu yangu hujaa picha za mashamba, na karibu zote zinafanana: mstari wenye miche mitatu imesimama vizuri, pengo, mche mmoja ndiyo kwanza unatoboa, pengo lingine, kisha miche miwili mirefu imebanana kwenye shimo moja. Maswali nayo yanafanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa majirani na jamaa wa Uyui, Sikonge na Urambo. Nalima ekari nne, mbili za kichanga na mbili za udongo mzito ukingoni mwa mbuga, yaani bonde la udongo mweusi. Makosa mengi yanayotajwa humu nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Mengine yana majani manne, mengine ndiyo yanatoka. Si yatalingana mvua ikikolea?

Hayatalingana. Watu wengi hawataki kulisikia hili, kwa sababu ukipita shambani Februari utaona kijani tupu na utadhani yamefikiana. Urefu unaweza kukaribiana kweli, lakini magunzi hayakaribiani. Mche uliotangulia umeshatandaza mizizi na majani yake yanamzibia jua mwenzake. Wa nyuma anakulia kivulini, anagombea mbolea ambayo nusu imeshaliwa, na anapofika kutoa ndevu, mbelewele za wenzake zimeshamaliza kumwaga chavua. Utavuna gunzi lenye punje za kuhesabu, au bua tupu.

Ninachotumia ni hesabu ya majani. Linganisha mche na majirani zake wa kushoto na kulia kwenye mstari. Ukiwa nyuma kwa jani moja, usijali. Ukiwa nyuma kwa majani mawili au zaidi, uhesabu kuwa ni nusu ya gugu: unakula kama mhindi na hauvunwi kama mhindi. Kwa joto letu, wiki moja ya kuchelewa inatosha kabisa kuleta tofauti hiyo.

Wanaotaka tarakimu, zipo. Katika majimbo ya Illinois na Wisconsin huko Marekani watafiti walipanda mahindi kwa kupishanisha siku makusudi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1991. Sehemu ya miche ikichelewa kama wiki moja na nusu, mavuno ya shamba zima yalishuka kwa asilimia 6 hadi 9. Kuchelewa wiki tatu kulishusha kwa asilimia 10 hadi 22, kutegemea miche iliyochelewa ilikuwa mingi kiasi gani. Ukizoea kupata gunia 15 kwa ekari, hasara ya chini ni kama gunia moja, na ya juu inapita gunia tatu. Kwa ekari nne, hiyo ni ada ya mtoto.

Nisubiri siku ngapi kabla ya kuanza kuhangaika?

Novemba na Desemba udongo wa kwetu una joto la kutosha, baridi haituchelewishi. Mbegu iliyopata unyevu hutoboa siku ya 5 hadi ya 7. Siku ya 8 ukisimama kichwani mwa shamba unapaswa kuiona mistari. Siku ya 10 kama haionekani, chukua panga ukachimbe. Anayesubiri wiki mbili "tuone Mungu atasaidiaje" anapoteza siku ambazo bado angeweza kurekebisha kitu.

Nikichimba naangalia nini?

Usitumie jembe, litavuruga ushahidi. Tumia ncha ya panga au kijiti bapa, na uchague mahali ambapo mche mzuri, mche uliochelewa na pengo vimekaa jirani. Fukua taratibu kutoka ubavuni, siyo kutoka juu.

Desemba iliyopita nilichimba hivyo na mzee mmoja jirani yangu ambaye alikuwa ameapa kuwa ameuziwa mbegu feki. Tulichukua mashimo manne yaliyofuatana, kama mita moja tu. La kwanza lilikuwa na mche wa majani matatu, na ganda la mbegu lilikuwa vidole viwili na kitu chini ya uso wa udongo. La pili halikuwa na kitu juu, lakini ndani tulikuta mkuki mweupe uliokuwa bado unapanda, na shingo ndefu nyembamba kuelekea chini. Mbegu ilikuwa upana wa kiganja kizima, sentimita 11 kwa rula ya mjukuu wake. La tatu lilikuwa na mbegu sentimita 2 tu chini, imevimba, laini kama iliyolowekwa, haina mzizi, na udongo ulioizunguka ulikuwa mkavu kama unga. La nne lilikuwa na kitobo cha kutosha kidole, na maganda matatu yaliyotafunwa. Panya.

Mbegu ya mfuko mmoja, siku moja, shamba moja. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hii mistari aliipanda nani?" Mjukuu aliyeleta rula akaanza kurudi nyuma taratibu.

Sasa maana ya unayoyakuta. Mbegu kavu ngumu, kama ilivyotoka kwenye mfuko, haijapata maji kabisa. Bado ni nzima na mvua ikija itaota, ila itachelewa. Iliyovimba bila mzizi imepata maji nusu kisha ikakatiwa. Ikikauka kabisa katika hali hiyo usiitegemee sana. Yenye mzizi uliosinyaa imeshakufa. Iliyooza na kunuka imekaa majini. Iliyotobolewa au kubaki ganda tupu imeliwa na wadudu au panya.

Kuna dalili moja watu hawaijui na huwachanganya: majani mabichi yaliyokunjuka chini ya udongo, yamejipindapinda kama karatasi iliyofinyangwa. Mhindi ukiota husukuma juu kwanza ule mkuki mweupe, ambao ni ala inayolifunika jani la kwanza hadi litoke salama. Mkuki ukigonga ukoko mgumu au bonge la udongo, au ukiona mwanga kupitia ufa kabla haujafika juu, unafunguka huko huko chini. Jani lililofungukia ndani halina nguvu ya kutoboa. Huo mche usiuhesabu.

Na ile shingo nyeupe? Hiyo ndiyo inayorefuka kumfikisha mhindi juu, na huacha kurefuka ncha ya mkuki inapohisi mwanga. Kwa hiyo mizizi ya kudumu huanzia karibu sentimita 2 chini ya uso wa udongo hata kama mbegu ilikaa sentimita 5 au 10. Nalisema hili kwa sababu wazee wengi huamini ukipanda chini sana mhindi unashika vizuri na hauangushwi na upepo. Unachoongeza ni safari tu.

Kwa nini kwetu tatizo hili halikosi mwaka?

Mvua na udongo. Tabora tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mwanzo wake una hila. Inanyesha siku mbili, watu wote wanakimbilia shambani, halafu jua linawaka siku kumi. Mbegu ya mahindi inahitaji kunyonya maji karibu asilimia 30 ya uzito wake ndipo iamke. Mvua ndogo inalowesha tabaka la juu tu, hivyo iliyokaa kwenye unyevu inaamka na ya jirani yake iliyokaa kwenye ukavu inalala. Mvua inayofuata inakuja baada ya siku kumi, na hapo ndipo yule aliyelala anaamka. Tayari una mahindi ya rika mbili.

Kichanga chetu cha maeneo ya miombo, kuanzia Sikonge hadi Kaliua, kinapokea maji haraka na kuyapoteza haraka. Siku tatu za jua zinatosha kukausha pale mbegu ilipo. Udongo mweusi wa mbuga, ulio mwingi upande wa Igunga na Nzega, una kasoro ya kinyume: ukilowa unatuamisha maji, ukikauka unapasuka na kuacha mabonge. Wengi tuna vyote viwili ndani ya shamba moja, halafu tunavipanda kwa namna moja siku moja. Mimi nilifanya hivyo miaka sita.

Kisha kuna matuta. Tuta ni urithi wetu na kwenye sehemu zinazotuama maji silipingi. Lakini tuta lililoinuliwa asubuhi na kupandwa mchana limejaa hewa. Linakauka kwa pande zote, na mbegu inaning'inia ndani ya udongo usiokazana. Inua matuta mapema, yapate mvua moja yatulie, kisha sawazisha kilele kwa bapa la jembe kabla ya kupanda. Wanaopanda mahindi juu ya matuta ya tumbaku ya mwaka jana hupata uotaji mzuri, na sababu mojawapo ni kuwa tuta hilo limeshakaa.

Kina sahihi ni kipi?

Sentimita 5. Kwenye kichanga kinachokauka unaweza kushuka hadi 7 ili ukutane na unyevu. Kwenye udongo mzito uliolowa baki 4 au 5. Muhimu kuliko tarakimu ni kina hicho kiwe kimoja kwa mashimo yote. Shamba lililopandwa lote kwa sentimita 7 litaota vizuri kuliko lililopandwa 3 hapa na 9 pale.

Chonga kijiti, ukitie alama mbili kwa kisu, na kila anayepanda awe nacho. Vibarua watacheka siku ya kwanza. Pia simamia kufukia: mbegu ikishaingia, fukia kwa udongo wenye unyevu, siyo vumbi la juu, kisha gandamiza kwa nyayo kidogo tu. Wengi hufukia kwa kupitisha mguu huku wanatembea, na hapo ndipo shimo moja linapata sentimita 2 na lingine 8.

Tunapanda nyuma ya plau la ng'ombe. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Anayedondosha mbegu nyuma ya plau huiacha popote mfereji ulipoishia, na ng'ombe hawalimi kina kimoja: wakichoka plau linapanda juu, wakishtuka linazama. Mfereji wa sentimita 15 si ajabu. Juu yake mkupuo unaofuata unamwaga mabonge. Nimechimba mashamba ya aina hii nikakuta mbegu zimelala ngazi tatu tofauti ndani ya hatua mbili.

Kama mikono ni michache na lazima upande hivyo, mpandaji aidondoshee mbegu ubavuni mwa mfereji, juu kidogo, badala ya chini kabisa, na nyuma yake apite mtu wa kuvunja mabonge. Bora zaidi: lima lote kwanza, subiri mvua, kisha rudi na kamba.

Nipande kavu kabla ya mvua, au nisubiri?

Kwenye kichanga, subiri. Mbegu iliyolala kwenye kichanga kikavu huliwa na mchwa, na mvua ya kwanza ikiwa ndogo inaiamsha kisha inaiua. Kwenye mbuga naelewa kwa nini watu hupanda kavu, kwani mvua zikishika huwezi kuingia tena. Basi panda kavu sehemu tu, tuseme theluthi moja, kwa sentimita 7, ili mvua ya kudanganya isiifikie mbegu na mvua ya kweli ndiyo iiamshe.

Ukiamua kusubiri, usipime mvua kwa masikio. Mvua iliyopiga bati kwa kelele usiku mzima unaweza kuikuta imelowesha vidole vinne. Chimba: unyevu ufike sentimita 15 au zaidi, na udongo ukiufinya ushikamane bila kutoa maji.

Niliweka mbolea na mbegu shimo moja. Ndiyo sababu?

Inawezekana sana, hasa kama baada ya kupanda jua liliwaka. DAP ikigusana na mbegu inatoa amonia inayounguza mzizi mchanga. Urea ni mbaya zaidi na haifai kabisa kuwekwa kwenye shimo la kupandia. Kwetu kuna na hii: NPK 10:18:24 ya tumbaku iliyobaki, watu hupandia mahindi. Ina chumvi nyingi, na kwenye kichanga kikavu chumvi hiyo inainyang'anya mbegu maji yake. Dalili yake ni mzizi uliosimama mfupi wenye ncha ya kahawia, na mapengo yasiyo na mpangilio, kwa sababu shimo moja lilipata ncha ya kijiko na jirani likapata konzi.

Weka mbolea chini au pembeni, kwa umbali wa sentimita 5, na udongo katikati. Kifuniko kimoja cha soda cha DAP kwa shimo kinatosha. Anayepanda asiwe ndiye anayemwaga mbolea. Wawe wawili wanaofuatana, na kati yao apite wa tatu wa kufukia kidogo.

Ilinyesha mvua kubwa usiku baada ya kupanda, juu pameganda. Nifanyeje?

Huo ni ukoko, na kweli unafanana na ule wa chini ya sufuria ya wali. Matone makubwa yanavunja udongo wa juu kuwa chembe laini, jua la siku mbili linauoka. Waingereza walipoleta mradi wao mkubwa wa karanga uliofunguliwa 1947 huko Kongwa, na baadaye Nachingwea na hapa kwetu Urambo, ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kiasi kwamba hata kung'oa karanga zilizokomaa ilikuwa shida. Wao walikuwa na matrekta. Mkuki wa mhindi hauna trekta.

Ukoko uvunje kabla mikuki haijajipinda, maana yake kati ya siku ya 4 na ya 6. Kata tawi la mti wa miiba, lifunge kamba, mtoto alivute juu ya mistari. Miiba inakwaruza sentimita moja bila kugusa mbegu. Sehemu ndogo tumia reki. Ikinyesha manyunyu siku hiyo, una bahati, ukoko utalainika wenyewe. Usipige jembe.

Mabua na majani ya mwaka jana yakiachwa juu ya udongo bila kuchomwa, tatizo hili hupungua sana. Sisi tunachoma kila Agosti halafu Desemba tunashangaa.

Je, si mbegu yenyewe mbovu?

Mara chache kuliko tunavyolaumu, lakini hutokea. Mwaka juzi nilinunua mfuko uliokaa dirishani mwa duka moja, jua likiupiga kila mchana. Sikupima. Baadaye mbegu zilizobaki nilizijaribu nyumbani, zikaota 61 kati ya 100. Mwenye duka hakuwa na la kusema, na mimi sikuwa na risiti.

Kwa hiyo nunua mfuko uliofungwa wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, soma tarehe, dai risiti, na usinunue mbegu ya kupimiwa kwa bakuli. Kisha pima: hesabu punje 100 bila kuchagua, zipange kwa kumi kumi kwenye kitambaa au kipande cha gunia kilicholowa, kiviringishe, kiweke kivulini, kilowanishe kila siku. Siku ya 6 fungua. Zikiota 90 na kuendelea, panda kwa raha. Zikiwa 80 na kitu, ongeza punje kwenye mashimo. Chini ya hapo, rudisha dukani. Angalia pia kama zimeota pamoja: kitambaa chenye mizizi mirefu huku na vinundu vidogo kule kinakuonyesha shamba lako litakavyokuwa.

Mbegu ya ghalani ina adui wake. Dumuzi, yule ambaye wengi tunamwita Scania, aliingia Afrika akitokea Amerika ya Kati, na taarifa za kwanza kabisa za kuonekana kwake barani zilitoka hapa hapa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Punje aliyoipitia inaweza kuonekana nzima upande mmoja huku kiini kimeliwa. Ukirudia mbegu zako, rudia zile zisizo chotara, kama TMV-1, Staha au Situka, chagua katikati ya gunzi, na utoe yote yenye tundu. Yenye rangi ya dawa isiliwe na mtu wala kuku, hata ikibaki kilo tano.

Nikiiloweka usiku kucha itawahi?

Itawahi siku moja au mbili na itaota kwa pamoja zaidi, mradi udongo uwe na unyevu wa kweli. Masaa 12, isizidi. Anika kivulini hadi ganda likauke usoni na upande siku hiyo hiyo. Mbegu iliyopakwa dawa usiiloweke, dawa itabaki kwenye ndoo. Na kwenye udongo mkavu kuloweka ni kuua: umeiamsha, kisha umeilaza kwenye jangwa.

Mchwa, kwale, panya?

Mchwa hula zaidi kwenye kichanga kikavu na kandokando ya vichuguu. Mbegu iliyopakwa dawa hujitetea vizuri, na kama kuna mabua makavu juu ya udongo mchwa wana kitu kingine cha kula. Kwale na kanga hufukua kwa siku chache tu, kuanzia kuchomoza hadi jani la pili, asubuhi na jioni. Mtoto na kopo lenye mawe ndiyo dawa niliyoiona ikifanya kazi. Panya hufuata mstari shimo kwa shimo, na mapengo yake yanaanzia pembezoni mwa shamba penye majani. Fyeka pembezoni kabla ya kupanda. Mche uliolazwa chini umekatwa shingoni, huyo ni sota. Fukua karibu yake utamkuta amejikunja.

Nijazie mapengo?

Hapa ndipo nagombana na watu. Kujazia kunafaa ukikuta mapengo mapema, wakati wenzake ndiyo kwanza wanatoboa au wana jani moja. Siku ya 8 hadi ya 10 tangu kupanda, ukijazia kwa mbegu iliyolowekwa na udongo ukiwa na unyevu, mche mpya utakuwa nyuma kidogo lakini utavuna kitu. Unaweza pia kuhamisha mche wa ziada kutoka shimo lenye mitatu, jioni ya mvua, pamoja na bonge lake la udongo, ungali na majani mawili.

Baada ya hapo, acha mahindi. Nimewaona watu wakijazia mahindi wakati mengine yanafika magotini, wanatumia mbegu ya bei, nguvu na mbolea kulea mabua ya ng'ombe. Weka kunde au choroko kwenye mapengo. Penye pengo kubwa la hatua tatu nne, weka boga. Mke wangu ndiye aliyenifundisha hilo. Mwaka ambao nusu ya kichanga changu haikuota, kunde zake za kwenye mapengo ndizo tulizokula Machi, kabla hindi hata moja halijakomaa.

Iliyochelewa niiongezee mbolea ifukuzane na wenzake?

Hapana. Mizizi ya majirani iko hapo hapo, na wao ndio watakaoila.

Kwenye kupunguza, ning'oe upi?

Mdogo. Bila huruma, hata kama ni wa kijani kizuri. Ukiwa umepanda mbegu tatu kwa shimo ili kubakiza mbili, kupunguza ndiyo nafasi yako pekee ya kurudisha usawa shambani, na wengi huipoteza kwa kung'oa wowote mkono unapofika, au kwa kuona uchungu na kuacha yote mitatu. Fanya wakati udongo una unyevu, kwa majani matatu au manne, na bana mche unaobaki kwa vidole vya mkono mwingine usiung'oe mzizi.

Nitajuaje kama nilime upya?

Kwa kuhesabu. Kama mistari yako iko sentimita 75, kata kamba ya mita 5.4. Mistari ya sentimita 90, kata mita 4.5. Tandaza kamba kando ya mstari, hesabu miche mizuri tu, ukiacha iliyo nyuma kwa majani mawili. Idadi hiyo mara 1,000 ndiyo miche ya ekari. Rudia mahali kumi, na usichague: tembea hatua thelathini, tandaza hapo ulipo. Kwa nafasi ya 75 kwa 30, mche mmoja kwa shimo, kamba ilitakiwa kuwa na miche 18.

Ukipata wastani wa 12 au 13 na imesambaa, liache shamba, jazia kunde, palilia kwa wakati. Shamba lenye nusu ya miche halitoi nusu ya mavuno. Hutoa zaidi ya hapo, kwa sababu iliyobaki inapata nafasi na kubeba magunzi makubwa. Ukipata chini ya 9, au nusu ya shamba imechelewa kwa wiki tatu, fikiria kupanda upya, ila tazama tarehe kwanza. Hadi Krismasi bado una muda. Ukishaingia Januari, mbegu ya muda mfupi pekee, na baada ya katikati ya Januari mimi nisingeweka mahindi tena. Ningeweka kunde, choroko au viazi vitamu. Ukipanda upya, ondoa yote ya zamani. Kupanda mapya katikati ya mabaki ni kutengeneza tena tatizo lile lile ulilokuwa unalikimbia.

Usiamue ukiwa barabarani. Kutoka barabarani mapengo huonekana makubwa kuliko yalivyo.

Mahindi ya rika mbili yanaleta viwavijeshi zaidi?

Yanawapa muda mrefu wa kula. Viwavijeshi vamizi, tulionao tangu 2017, wanapenda koo changa la mhindi, na shamba lenye rika mbili lina koo changa wiki nyingi zaidi. Ukipita kukagua, anza na miche midogo, ndiko utawakuta.

Nalima Kasulu, haya yananihusu?

Kina, mbolea, kuhesabu na kupunguza, vyote. Tofauti ni kuwa nyanda zenu ni za juu na zina ubaridi kidogo, kwa hiyo mpe mhindi siku moja au mbili zaidi kabla ya kuchimba. Na ukiwa na maharage tayari kwenye mashimo ya katikati, mapengo yako yanakuuma kidogo kuliko yangu.

Mapengo yangu yako mahali pamoja tu, kila mwaka hapo hapo.

Basi si mbegu wala siku ya kupanda, ni hapo mahali. Chimba shimo la magotini. Utakuta jiwe, au tabaka gumu lililokanyagwa na ng'ombe wakati wa kiangazi, au msingi wa kichuguu kilichosawazishwa, au maji. Kwangu ilikuwa njia ya zamani ya mikokoteni ambayo hakuna aliyeikumbuka isipokuwa shangazi. Niliipiga jembe kwa kina, nikamwaga samadi toroli kumi na mbili, na mwaka wa pili ndipo mistari ikapita juu yake bila kukatika.